Tangi la Maji Upande wa Kulia

Jumapili, 3 Machi

Kura imepigwa. Ubao wangu utakuwa wa sita, yaani wa mwisho, kati ya ubao wa Daktari wa Meno na kabati la mafagio. Ningeachiwa nichague, ningechagua kabati pande zote mbili.

Chama chetu cha Reli Nyembamba kina wanachama sita na buli moja. Kila mwaka kila mmoja hutengeneza ubao wenye kipande cha reli na mandhari yake. Mbao zinaunganishwa ukumbini, juu ya duka la mikate, na treni moja ndogo inapita zote. Mashindano ya kirafiki, anasema Mwenyekiti. Husema hivyo kila mwaka huku ananitazama mimi.

Mwamuzi ni Mkutubi. Hutembea sambamba na treni. Treni ikiingia kwenye ubao wako, anautazama. Ikitoka, ameshamalizana na wewe. Ndiyo desturi ya chama, haigusiki. Ubao unaoshinda huwekwa mwaka mzima kwenye dirisha la maktaba, lile linalotazama barabara, pamoja na treni ya mwaka huo.

Nalitaka dirisha hilo. Si kwa ajili ya sifa. Basi, kwa ajili ya sifa kidogo. Lakini nimetengeneza stesheni ya mji wetu, ile tuliyoondokea mimi na Dada na wazazi nilipokuwa na miaka minane, tusirudi tena. Stesheni yenyewe haipo. Reli iling'olewa, mataruma yakawa kuni, jengo likawa ghala, na ghala likavunjwa. Imebaki hii yangu, ya kadibodi na njiti za kiberiti. Inafaa ionwe na watu wanaopita.

Shida ni hii: treni huvuka ubao mmoja kwa muda wa kupiga chafya mbili. Miezi minne ya kazi, chafya mbili. Lazima treni icheleweshwe.

Dada amekuja kutazama. Akainama, akavua miwani, akavaa miwani. Akasema tangi la maji lilikuwa upande wa kushoto wa reli, ukiwa unatoka mjini. Nikamwambia lilikuwa kulia, naliona mpaka leo. Akanikumbusha kwamba yeye alikuwa na miaka kumi na minne, na mimi nilikuwa bado navaa viatu kinyumenyume. Tangi limebaki kulia.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa. Mlima! Nimeinua reli kwa kadibodi kuelekea stesheni, ili treni ipande ikihema. Treni inayohema huenda taratibu, na Mkutubi itabidi ahemee naye hapohapo.

Saa kumi Mwenyekiti akapita kusalimia. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mita za maji, na hadi leo hubeba pimamaji mfukoni kama wengine wanavyobeba leso. Hata hajakaa, ameshaiweka juu ya reli yangu. Kiputo kikakimbilia upande mmoja kama kimeitwa. Akauliza kama nyumba imetitia. Nikasema huenda, ni nyumba ya zamani. Akapiga magoti akaiweka pimamaji sakafuni. Nyumba haijatitia hata kidogo.

Kadibodi imetoka. Mwenyekiti alikunywa vikombe viwili vya chai na kusema kilikuwa kilima kizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Kanuni inasema ubao uwe tambarare. Haisemi reli inyooke. Nimeipindapinda kuizunguka stesheni kama utumbo wa mbuzi.

Jaribio la kwanza, kwa treni yangu mwenyewe. Behewa la kwanza lilipita. La pili likapita kwa shingo upande. La tatu likaamua kwenda kivyake. Nililitafuta chini ya meza na chini ya kabati. Dada ndiye aliyelipata, ndani ya kiatu chake, kwa kidole gumba.

Akasema enzi zetu treni zilikuwa zinafika. Reli imenyooshwa.

Jumatatu, 11 Machi

Sasa hili ni wazo la mtu mzima.

Uzuri wa reli nyembamba ni kwamba treni ni pana kuliko njia yake. Ni kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto: miguu inapita popote, mbavu zinagusa kila kitu. Kwa hiyo jukwaa la stesheni hukaa mbali kidogo na reli, na siku ya ukaguzi Mwenyekiti hupitisha kipimo chake cha bati. Bati likigusa kitu, kitu kinasogezwa.

Lakini baada ya ukaguzi hakuna anayepima tena. Na mwaka huu kichwa cha treni ni cha Daktari wa Meno, kinene kuliko vyote chamani, kimebeba maji mbavuni pande zote mbili. Nikilisogeza jukwaa kwa unene wa ukucha tu, kichwa hicho kitasugua kidogo, kitapunguza mwendo, kitapita stesheni yangu kama mgeni anayeaga mlangoni: anaondoka, lakini haondoki.

Ninachohitaji ni gundi inayobaki laini mpaka niiamuru kukauka. Anayo Daktari.

Nikaenda kliniki kwake. Nikamwambia meno ya bandia ya Dada yamepasuka. Sipendi kusema uongo, ila naujua. Akanipa bomba dogo jeusi, bila maswali. Akaeleza kwamba gundi hii haikauki yenyewe; hukauka ikipigwa mwanga mkali, papo hapo.

"Na ikishapigwa mwanga, mzee wangu," akasema, "hiyo ni ndoa isiyo na talaka."

Akanituma nimpe Dada pole. Mtu mwema sana, inaudhi. Kisha akanionyesha ubao wake: machimbo ya mawe, na kila jiwe limekaa mahali pake kama jino. Hata moshi wa pamba unaotoka kwenye bomba umepigwa mswaki. Niliusifu. Maumivu niliyoyasikia hayatibiwi pale.

Ijumaa, 15 Machi

Ukaguzi. Bati limepita ubao wangu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kugusa kitu. Mwenyekiti akalipitisha tena, akidhani limekosea. Halafu akanipa mkono. Niliona aibu kidogo, ikapita.

Walipokwenda kwenye buli, nikalisogeza jukwaa, nikajaza gundi pembeni na chini, nikalimulika kwa tochi ya Dada, ile anayotafutia miwani yake. Betri zake zimeona mengi. Nikamulika mpaka mkono ukachoka. Nikagusa kwa ncha ya kidole. Imeshika. Nadhani imeshika.

Tangi, hapo kulia, mkabala na mwisho wa jukwaa, nimelibandika kwa uji wa unga wa ngano, kama baba alivyokuwa akibandika tiara zetu. Gundi ya Daktari siwezi kuimaliza kwa tangi.

Jumamosi, 16 Machi

Nitaandika kwa utaratibu, kama ilivyotokea.

Ukumbi ulijaa. Dada alikuja na kilemba cha kijani. Kabla sijawahi kumzuia, Daktari akamwendea, akainama kwa heshima.

"Shikamoo Mama. Meno yanaendeleaje?"

Dada hajapoteza jino hata moja maishani, na hupenda watu wajue.

"Marahaba mwanangu. Meno yapi?"

Akamwonyesha yote, juu na chini. Daktari akageuka kunitazama. Mimi nilikuwa natazama dari. Ni dari nzuri, sikuwahi kuigundua.

Treni ikaondoka, Mwenyekiti akiwa kwenye kitufe cha umeme, Mkutubi akitembea kando na mikono nyuma. Ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Machimbo ya Daktari: Mkutubi akatabasamu. Kisha ikaingia kwangu.

Haikupunguza mwendo. Iliingia yote, ikafika mwisho wa jukwaa, ikasimama kama imepigwa msumari. Ubavu mmoja umebanwa na jukwaa, mwingine umesukumwa kwenye mguu wa tangi.

Mkutubi naye akasimama. Desturi ni desturi.

Kwa muda huo mimi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mule ndani. Aliinama. Alitazama kengele. Alitazama benchi lenye ubao mmoja uliovunjika, na saa isiyo na mshale mrefu, kwa sababu haikuwa nao. Akanong'ona akiuliza sanduku lile la buluu, dogo kuliko punje ya mchele, ni la nani. Nikasema la mama. Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kutazama.

Halafu ikaja harufu, kama nywele zinaungua. Mwenyekiti alikuwa anaongeza umeme.

Daktari alikuja na kioo chake kirefu na taa yake ya kichwani. Mtu wa namna hiyo hasafiri bila mkoba. Mkono ulikuwa haupiti, tangi limeziba. Hapo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Ling'oeni hilo tangi. Kwanza halijawahi kukaa hapo."

Daktari akamtazama Dada, akanitazama mimi, akachukua koleo. Likatoka kwa mzungusho mmoja, kama jino la utoto. Dada akalipokea kiganjani, akazunguka meza, akalisimamisha upande wa kushoto, nyuma ya mwisho wa jukwaa. Akakunja mikono. Watu wawili wakampigia makofi bila kujua kwa nini.

Ndipo Daktari akainama, akapeleka kidole kwenye taa. Nikamwambia, "Daktari, hiyo taa usiwashe." Akadhani nahurumia macho yake.

"Usijali, mzee wangu. Nimezoea."

Mwanga ukawa kama wa jua la saa sita. Na gundi yangu, ambayo tochi ya Dada haikuifanya kitu, ambayo treni ilikuwa imejipaka ubavu mzima, ikakauka papo hapo. Daktari alivuta kichwa cha treni kwa upole. Kikainuka, na jukwaa likainuka nacho, na jengo, na kengele, na ncha ya ubao wangu, na abiria wote, bila hata mmoja kuanguka. Akavirudisha chini. Akaikwaruza gundi kwa ukucha, akaitambua. Alinigusa bega tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ubao unaokwamisha treni haushindi. Dirisha ni la Daktari. Nikapiga makofi, kwa vidole viwili.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Dada kaleta chai bila kuitwa, dalili mbaya.

Nikamwambia yote nayakubali isipokuwa tangi. Tangi nimeliona kwa macho yangu. Nikifumba macho naliona: treni inaanza, mama kapakata sanduku la buluu, na tangi linapita taratibu mkono wangu wa kulia, linadondosha matone.

Dada akakoroga chai muda mrefu. Akasema, "Mdogo wangu, wewe ulikaa kinyume. Uliupa mgongo mwendo wa treni. Mama alikwambia ugeuke, utatapika. Ukakataa. Ukasema unataka kuuona mji mpaka uishe."

Sikulikumbuka hilo. Sasa nalikumbuka, pamoja na kutapika.

Alipotoka nikachukua kiti cha jikoni, nikakaa nikitazama mbele. Nikakigeuza, nikakaa nikitazama nyuma. Kushoto ikawa kulia. Jukwaa nililijua kwa miguu, nilikuwa nalichezea, kwa hiyo sikulikosea. Lakini tangi nililionea dirishani tu, siku ile moja. Zaidi ya miaka sitini nimelibeba kichwani, limekaa upande ambao mtu huliona akiwa anaangalia alikotoka.

Nilikaa pale kidogo. Dada alirudi kuchukua kikombe, akanikuta katikati ya jiko nimekaa kinyume. Akavuta kiti chake, akakiweka kando ya changu, kikitazama nyuma vilevile. Tukaangalia friji pamoja. Akasema kumbe huku kulikuwa kuzuri.

Baadaye nikamwambia nilikuwa nashuku muda mrefu kwamba ni kushoto.

Alhamisi, 21 Machi

Mkutubi alikuja kuchukua ubao wa mshindi pamoja na treni, kama kanuni inavyotaka. Ubao ulibebeka. Treni haikubebeka. Daktari amejaribu koleo, msumeno mdogo na maji ya moto, kisha akatamka rasmi kwamba hakuna talaka. Mwenyekiti akasoma kanuni mara mbili akitafuta tundu. Kanuni inasema treni lazima iende. Basi ikaenda, na stesheni yangu ikaenda nayo, na kwa kuwa stesheni imegandia ubao wangu, ubao nao ukaenda. Dirisha ni pana. Tumeenea.

Leo nimepita pale kwa bahati, mara kadhaa. Chini kuna karatasi yenye jina la Daktari. Lakini treni imesimama kwangu, na mtu hutazama pale treni iliposimama. Mama mmoja aliyebeba mboga alisimama pia, kwa zaidi ya chafya kumi. Dada alikuwa ng'ambo ya barabara, akijifanya anasubiri basi mahali ambapo basi halisimami.

Nimelitafakari jambo lote kwa utulivu, nikaona kosa lilipokuwa. Lilikuwa kwenye betri. Mwakani napanga karakana ya treni, yenye mlango mwembamba. Nimenunua tochi mpya, ndefu kama mkono. Gundi imebaki kidogo, haitatosha, hivyo nikapitia kliniki nikamwambia Daktari kwamba meno ya Dada yamelegea tena.