Nywila Isiyo na Upatanisho

Jumatatu, 9 Juni 2025

Niwie radhi, shajara, kwa kimya changu cha tangu kabla ya Ramadhani. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa ninachagua mtandao.

Mambo ni haya. Mswada wa kitabu changu, Makosa ya Kiswahili Tunayoyasikia Pwani, umekamilika na umo ndani ya kompyuta. Mchapishaji wa Mombasa anautaka kwa baruapepe kabla ya Ijumaa jioni. Ukichelewa, nafasi yangu atapewa mtunzi wa vitendawili. Nimejaribu kuutuma kwa simu. Ulifika robo ukakwama, kama trekta la miwa kwenye matope ya Ramisi.

Jirani yangu Mwangangi, karani mstaafu aliyehamia hapa Msambweni kutoka Machakos, ameshavutiwa waya wa intaneti. Kila asubuhi hunitangazia ng'ambo ya ua kwamba intaneti yake "iko na spidi mbaya". Nilimwuliza, ikiwa ni mbaya, anaisifia nini. Alicheka. Hajui kwamba yumo kitabuni, sura ya pili yote na sehemu kubwa ya tatu.

Mpango: sitavuta waya kama yeye. Nitaweka sahani ya setilaiti juu ya paa, mahali atakapoiona kila akiamka.

Jumanne, 10 Juni

Amekuja Judy, ajenti wa kampuni ya waya kutoka Ukunda. Nilimwita ili nipate hoja za kumkataa. Shikamoo yake nzuri, Kiswahili chake cha hotelini. Aliuliza tuko wangapi nyumbani na mtandao tunautakia nini. Nikajibu tuko wawili, mimi na mke wangu Mbodze, na tunautakia elimu. Mbodze akadakia kwamba yeye anautakia tamthilia. Judy akasema kwa watu wawili kifurushi kidogo cha waya kinatosha, na kwamba sahani husumbua mvua inapokuwa kubwa. Hoja zote nzuri. Nimeudhika.

Kisha usalama. Je, kompyuta huisasisha? Hapana, huniomba kusasishwa kwa tafsiri mbovu. Nakala ya pili ya mswada iko wapi? Kichwani. Nywila? Nikamnong'oneza kwamba ni "mbodze". Akasema hiyo hata mbuzi wa Kinango ataifungua. Ushauri wake: "Mzee, weka kitu hakuna mtu anaweza fikiria wewe unaweza sema." Sentensi imevunjika mifupa, lakini ushauri mzima.

Nilifikiri mpaka alasiri. Nimepata. Nywila mpya ni "kitabu yangu". Nani atanidhania? Niliiandika polepole, meno nimeyauma, nikajihisi kama mtu anayekula hadharani mchana wa mfungo. Lakini sasa nimesalimika, hasa na Mwangangi, ambaye akiingia sebuleni kwangu hugusa kila kitu.

Jumatano, 11 Juni

Kompyuta haifunguki. Ninaandika nywila ile ile, inakataa. Nimetawadha, nimejaribu tena. Inakataa. Wezi wa mtandao wameniingilia kabla sijapata huo mtandao.

Nimemshuku Mwangangi. Nilimwendea uani, nikamwambia kwa mafumbo kwamba siku za mwizi ni arobaini. Akanipa pole. Akauliza kama ni kuku nimeibiwa, na kama hiyo kuku ilikuwa kubwa. Nikamsahihisha: huyo kuku alikuwa mkubwa. Akashangaa, akasema kumbe ilikuwa jogoo.

Mbodze ameniuliza kama mswada utapotea. Kazi yangu yote tangu nistaafu ualimu imo mle.

Alhamisi, 12 Juni

Judy amerudi. Alinionyesha alama ya jicho, nikaibonyeza ili herufi zionekane ninapoandika. Nikaandika nywila yangu. Tukaisoma sote watatu: "kitabu changu". Nikafuta, nikaandika tena kwa uangalifu mkubwa. Kitabu changu. Mkono umekataa kukosea. Kumbe siku mbili hizi hakukuwa na mwizi ila sarufi.

Kompyuta ikaonya kwamba limebaki jaribio moja, kisha itajifunga. Judy akasema ikijifunga, mswada ndio kwaheri. Yeye haruhusiwi kuandika nywila ya mteja. Mbodze naye akakataa, akisema ameishi na mimi mno, vidole vyake havina uhakika. Kisha, bila kunitazama, akasema kwamba anatakiwa mtu wa kukosea bila kujitahidi.

Sote tukageukia ua.

Mwangangi alikuja na kikombe chake cha chai. Nilimwomba aandike, kwa maneno mawili, kwamba kitabu ni mali yake. "Kitabu yangu? Ni hiyo tu?" Kidole kimoja, chai mkono wa pili. Ikafunguka. Niliketi sakafuni. Alhamdulillahi.

Nilikuwa nimesahau kwamba mswada niliuacha wazi kwenye sura ya pili, panaposemwa: "Jirani mmoja, M. wa Msambweni, hana kosa asilolimiliki." Akasoma. Akafungua ukurasa uliofuata. Nikaanza kutunga hotuba ya kujitetea. Akauliza, "Mwalimu, huyu M. ni mimi?" Nikakiri. "Sasa mbona umeficha jina? Andika yote. Mwangangi." Akamwita mkewe, Munee, aje aone. Munee alisoma akanuna: hata yeye husema hayo hayo, na hakuna aliyemtia kitabuni.

Nikaliandika jina lote. Tukaibeba kompyuta hadi barazani kwao, na waya wake ukaufikisha mswada Mombasa kabla chai haijapoa. Inaudhi.

Ijumaa, 13 Juni

Mchapishaji amejibu kwamba mswada umefika, wote, hakuna ukurasa uliopungua. Baada ya sala nililala kama mtoto aliyeshiba maziwa. Mbodze amepika samaki wa kupaka. Mtunzi wa vitendawili na atafute kwingine.

Jumamosi, 14 Juni

Mchapishaji sasa anataka dibaji, ifike Jumatano. Nimeshaiandika. Imo ndani ya kompyuta. Judy alipiga simu kuuliza kama nimeweka nakala mahali pengine. Nilimwambia hatari imepita.

Iliyobaki ni Mwangangi. Nywila yangu anaijua, na leo ameitaja dukani mbele ya watu kama kisa cha kuchekesha. Kwa hiyo nimeibadilisha. Hii mpya ina kosa baya zaidi, kosa ambalo hata yeye hathubutu kulifanya. Hakuna mtu Kwale nzima atakayeweza kuiandika.

Nimeifunga kompyuta, kisha nikaifungua ili kujiridhisha. Imeniambia kwamba nywila si sahihi.

Naam, si sahihi. Ndiyo sababu niliichagua.

Kuhusu waya au sahani, nitakuandikia nikishaamua.