Wanne kwa Ruhusa ya Shehe

Jumatatu, 9 Oktoba 2000

Risasi zimelia tangu alfajiri upande wa Kanyosha. Duka nimefungua saa nne badala ya saa mbili. Nimeuza termosi moja. Sijali. Nina jambo kubwa zaidi.

Waridi anaondoka!

Waridi ni mjane, fundi cherehani. Mlango wake unatazamana na duka langu hapa Buyenzi, na mimi ninamtazama mwaka wa pili sasa. Kaka yake kamwandikia kutoka Kigoma: achana na hiyo Bujumbura yenu, panda meli ya Jumatatu ijayo. Waridi anasema akipata sababu ya kubaki, atabaki. Sababu si mimi? Lakini hajui. Kumwambia wazi siwezi, mimi si mtu wa kubwatuka. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Njia nimeipata leo hii. Kila familia inayohama mtaa inamwachia Waridi paka, naye anampa paka jina la aliyemwacha: Mwalimu, Dereva, Fundi Saa. Wamejaa uani kwake, sijui wangapi. Leo kawaambia wateja wake, nimesikia mwenyewe nikiwa nyuma ya termosi, kwamba kitoto cha paka kila mtu anakitaka, lakini mwanamume mwenye nafasi ya paka mzima, huyo ana nafasi ya mtu.

Kabla sijavaa viatu, Massoudi kaniwahi. Massoudi fundi wa magari, mwenye girisi mpaka nyuma ya masikio! Kamchukua Dereva. Kapewa chai, na kikombe kilikuwa na kisahani.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimekaa na daftari hili nusu siku. Niweke paka wangapi? Mmoja: nitakuwa sawa na Massoudi. Wawili: nitaonekana ninamwiga na kuongeza chumvi. Kumi: wataniita kichaa. Lazima iko idadi ya heshima. Lakini ipi? Nimeandika tatu, nikafuta. Nimeandika sita, nikaogopa.

Halafu kuna Miza. Miza ni dada yangu mkubwa. Hati ya nyumba ina jina langu, lakini sauti ya nyumba ni yake. Nimemgusia habari hiyo wakati anachambua ndagala. "Mi paka mu nyumba yangu apana," kasema. "Hata moja. Ndagala zenyewe hizi tunazila kwa kuhesabu, wavuvi hawatoki, we unataka kuzipa paka?" Nikamwuliza, je, wawili? Kanirushia mwiko.

Nimefikiri sana chini ya meza. Miza anamtii mtu mmoja tu duniani, Shehe Moubarak. Shehe akitaja idadi, Miza atanyamaza. Akili ni mali!

Jumatano, 11 Oktoba

Nimempata Shehe baada ya alasiri kwenye baraza ya msikiti. Bahati mbaya Massoudi alikuwa anavaa viatu hatua tatu kutoka kwetu. Akisikia neno paka tu, atakimbia kwa Waridi kuwachukua wote. Basi nikanong'ona, na neno lenyewe sikulitaja.

Nimemwambia Shehe kwamba wako wengi mtaani walioachwa kwa sababu ya hii vita, na moyo wangu unataka kuwaweka nyumbani. Si wale wadogo, wadogo wana kelele na kila mtu anawakimbilia. Wakubwa, waliokwisha kuzoea kukaa kwa watu. Je, niweke wangapi bila kukosea?

Machozi yamemlenga Shehe. Kanishika mikono yote miwili. Kasema wanaume wenye moyo kama wangu wamekwisha. Idadi, kasema, mwisho ni wanne.

Wanne! Sikujua kama kuna hesabu mpaka kwenye jambo hili. Kweli elimu haina mwisho. Kaongeza sharti moja, usawa, na anayeogopa kutokuwa sawa abaki na mmoja. Nikamhakikishia kila mmoja atakuwa na sahani yake na mkeka wake. Kauliza wakigombana itakuwaje. Nikasema nitawamwagia maji. Kakohoa, kasema upole ni bora. Kauliza kama nimewahi kuwaona. Nikakiri ninawachungulia ukutani kila asubuhi na wote wamenipendeza. Kasema kuchungulia si vizuri, hata kwa nia njema.

Shehe ana maneno ya ndani sana. Mengine sikuyaelewa, lakini idadi ninayo.

Alhamisi, 12 Oktoba

Miza hakuniamini. Kajitanda mtandio, kaenda kumwuliza mke wa Shehe kama ni kweli mumewe ameniruhusu wanne. Mke wa Shehe kaapa ni kweli, wanne, kwa mdomo wa mumewe mwenyewe. Miza anasema mke wa Shehe alishika kichwa kwa mikono miwili. Sijui kwa nini. Si yeye atakayewapikia.

Miza karudi ameshindwa. "Bon, haya," kasema. "Lakini walale uani."

Ushindi!

Saa kumi Shaabani muuza mkaa kaingia dukani, kafunga mlango nyuma yake. Kasema amesikia habari, na kwake yuko mmoja. Maneno yanakwenda mbio mtaa huu! Nikauliza kama ni mkubwa. Mkubwa. Mtulivu? Sana. Ameachwa na nani? Na bwana mmoja aliyevuka kwenda Uvira akasahau kurudi. Anaitwa Basma. Jina zuri, nikafikiri, kuliko Fundi Saa. Nikauliza anakula nini. Chochote, hachagui. Nikauliza kama anakamata panya. Shaabani kanitazama sana, halafu kasema hajawahi kumwona akiogopa panya. Je, ana kucha? Kama kila mtu, kasema. Nikamwambia amlete Jumamosi, na kikapu kifungwe kamba vizuri.

Katoka ameinamisha kichwa, anajisemea peke yake. Watu wa mkaa ni wagumu kuwaelewa.

Ijumaa, 13 Oktoba

Siku ya ajabu. Baada ya sala watu saba wamenipa mkono. Mzee mmoja kanipigapiga mgongoni, kauliza kama ni wa chuma. Mwingine kanishauri nile karanga mbichi. Kwa ajili ya paka? Nimeitikia tu. Massoudi alikuwa anacheka, analia, anacheka. Wivu ni ugonjwa.

Nimevuka barabara kwenda kwa Waridi, roho mkononi, na kifuko cha ndagala. Nikauliza kama habari zangu zimemfikia. Kasema zimemfikia, mtaa mzima unazo. Macho hakuyainua kwenye kitambaa. Nikasema ni wanne, Shehe mwenyewe kapitisha, na yote haya nimeyafanya kwa ajili yake.

Kakata uzi kwa meno. Halafu, kwa sauti ndogo: "Na mi? Mi niko wa ngapi?"

Swali gani hilo! Nikacheka. Nikamweleza kwamba yeye hayumo kabisa katika hao wanne. Yeye atakuwa juu yao. Atanisaidia kuwalisha na kuwaogesha, na wakituchosha tutawafungia uani.

Kafunga cherehani. Kafunga dirisha. Nimebaki nje na ndagala zangu, na jua linachoma. Baadaye nimemwona akipanga nguo ndani ya sanduku.

Sielewi. Labda nilipaswa kusema watano?

Jumamosi, 14 Oktoba

Basma kaja. Basma ni mtu!

Ni mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, kitenge kipya, wanja machoni, na kikapu kilichofungwa kamba vizuri. Nikamshukuru kwa kumleta paka. Nikapiga magoti, nikafungua kikapu polepole nisimshtue. Sufuria mbili na kitambaa cha meza. Nikamwuliza paka yuko wapi. Shaabani, aliyekuwa nyuma yake, kauliza paka gani. Miza katoka jikoni, kauliza huyu mama ni nani. Basma kasema yeye ni wa kwanza katika wale wanne. Miza kasema wale wanne ni paka.

Miza kanigeukia, mwiko mkononi.

"Sleiman," kasema Miza, "we Shehe ulimwambia nini?"

Nikarudia neno kwa neno. Nilipofika kwenye walioachwa, Miza kakaa sakafuni. Nilipofika kwenye kuwamwagia maji, kafunika uso kwa kanga.

"Mi niko mutu!" kasema Basma. "Siko paka! Njo maana ndugu yangu ananiuliza jana kama mi naogopa panya!" Kasema bwana wake wa Uvira ni afadhali, yeye angalau alijua anamwacha nani. Nimesikia aibu mpaka kwenye nyayo. Shaabani kachukua termosi kubwa kuliko zote dukani, kasema hiyo ndiyo samahani yangu. Sikubishana. Basma kakaa mpaka saa sita anakunywa chai na Miza, na kila nikipita wanaanza upya kucheka.

Nimechunguza jambo hili pande zote. Kosa ni la Shehe. Angeuliza.

Nimekimbia kwa Waridi. Kufuli! Jirani kasema amekwenda kwa shangazi yake, mtaa wa Bwiza, atakaa huko mpaka siku ya meli.

Jumatatu, 16 Oktoba

Bandarini tangu saa moja asubuhi. Waridi alikuwa kwenye foleni na mafurushi. Cherehani yake kaibeba nani? Massoudi!

Nimesema yote, haraka, bila mpangilio: paka, Shehe, mkeka, Basma, kikapu. Mwanzoni hakuelewa. Halafu kaanza kucheka. Kacheka mpaka kakaa juu ya furushi, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na wapakizi wamesimama kumtazama. Sijawahi kumchekesha mtu hivyo maishani. Nilifurahi, na niliogopa.

Alipotulia kasema: "Bon. Ya paka nimeelewa. Na mi, Sleiman? Ulitaka kuniuliza kitu?"

Kangoja. Kweli kangoja. Watu wawili wakampita kwenye foleni, na yeye kasimama tu, tiketi mkononi. Maneno yalikuwa mdomoni kwangu, kamili, yamepangwa. Lakini Massoudi alikuwa pale pale, cherehani kifuani, masikio yote mawili wazi. Nikasema nyumbani kwangu bado iko nafasi, ya mkubwa mmoja.

Kauliza mkubwa gani. Nikasema mkubwa yeyote, mtulivu.

Honi ikalia. Waridi kanitazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya. Katoa ufunguo, kanipa. "Basi," kasema, "unichungie paka yangu."

Nimesimama mpaka meli imekuwa ndogo. Massoudi kasimama pia. Nimeumia. Sina namna nyingine ya kuandika, nimeumia.

Njiani nimejipa moyo: paka yangu, kasema, basi ni mmoja, mmoja nitamweza. Nimefungua ua wake. Saba! Hiki Kiswahili chetu cha Bujumbura, paka yangu ni mmoja, paka yangu ni saba, utajuaje? Miza kawahesabu mlangoni. Kapokea wanne, kwa heshima ya Shehe. Watatu nimewaficha dukani nyuma ya mikeka.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mwalimu kakojoa ndani ya kofia yangu ya sala. Fundi Saa ananiamsha kila siku saa kumi na moja kasorobo. Wale watatu wa dukani Miza kawagundua, na sasa anawapa ndagala kwa siri akidhani sioni.

Wiki iliyopita nimempa baharia mmoja barua ya kumpelekea Waridi. Nimeandika kwamba paka wote wazima, na kwamba ile nafasi ya mkubwa mmoja bado iko.

Leo jibu limefika! Baharia kaja nalo dukani: kikapu, kimefungwa kamba vizuri. Ndani yake paka, jike, mkubwa kama mbuzi mdogo, sikio moja limechanika. Na karatasi: "Umesema nafasi ya mukubwa moja. Huyu njo mukubwa. Kama uko na swali ingine, uliza."

Nimeisoma mara sita. Anamaanisha nini? Swali lipi? Miza kaninyang'anya, kaisoma mara moja tu, kaweka mwiko mezani taratibu. Kasema nimwandikie maneno mawili, mawili tu: Waridi, nikuoe? Nimemweleza dada yangu kwamba watu wazima hawaandikiani hivyo, na tena mabaharia wanasoma barua za watu. Kasema mabaharia wote wanajua tayari, na Kigoma nzima.

Kwa desturi ya mwenyewe, paka huchukua jina la aliyemwacha. Kwa hiyo Waridi yuko nyumbani kwangu sasa. Kala ndagala zote. Kapanda juu ya kiti changu. Nimemwita jina lake kwa upole, mara nyingi, Miza akiwa msikitini. Kanipa mgongo.

Jibu nimeliandika. Limekula karatasi tatu, lakini mwisho nimepata maneno sawasawa, asiyeweza kuyakosea mtu mwerevu: "Asante, amefika salama. Nafasi moja bado iko."

Baharia anaondoka nalo kesho. Safari hii ataelewa tu. Kwa tahadhari nimetoa dukani mkeka wa tisa.