Njama ya Kuikwepa Herufi S

Jumatatu, 23 Oktoba
Mkaguzi wa Kiingereza anakuja Ijumaa. Mwalimu atakayeonekana dhaifu atahamishiwa chekechea. Mwalimu mwenzangu Musoni, aliyekulia Kampala kwenye Kiingereza kingi, ameshapima madirisha ya darasa langu ili ashone mapazia. Nikamwambia chumba kina mwenyewe. Akasema, "Tutaona Ijumaa, mzee wangu."

Darasa hili lilikuwa la marehemu mke wangu, Drocella. Maua ya njano ukutani aliyachora yeye, amesimama juu ya dawati, mimi nimelishika lisitikisike. Chekechea siendi.

Jumanne, 24 Oktoba
Adui namjua. Ni herufi S. Sisi Wanyarwanda mtendaji tunamtaja mwanzoni mwa kitenzi, kama mtu anayebisha hodi. Waingereza wanakibandika kitenzi S mkiani, tena mtendaji akiwa yeye peke yake tu. Mimi, wewe, sisi na wao hatudaiwi mkia. Nikiongea haraka, mkia unadondoka. Darasa linacheka.

Nikimenya viazi vitamu, wazo likaja. Nifundishe somo lisilo na "yeye"! Umuganda, kazi yetu ya pamoja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kilima kizima kinatoka na majembe. Sisi tunalima, wao wanabeba mawe. Hakuna afanyaye kazi peke yake. Nimelala vizuri.

Jumatano, 25 Oktoba
Mazoezi safi. Musoni alichungulia, akauliza mbona watoto wangu wanaongea kama kwaya. Nikamjibu wivu haujengi nyumba.

Mwanafunzi wangu Umulisa aliomba amtaje bibi yake anavyofyeka. Nikamwambia bibi aje na wenzake.

Ijumaa, 27 Oktoba
Mkaguzi ni mama mpole, Madamu Nyirahabimana. Somo liliteleza kama maziwa. Tukachimba wote, tukaimba wote. Kisha akauliza kama yupo asiyekuja kwenye umuganda.

Mikono yote juu. Umulisa akasema mwalimu wetu haji, anasema mgongo unamuuma. Mwenzake akaongeza kuwa anakaa nyuma ya nyumba ya Mzee Muvunyi. Wa tatu: anakunywa pombe ya ndizi kwa mrija. Anaimba, tena vibaya. Musoni, mlangoni, alishika ukuta kwa kicheko.

Lakini kila S ilikuwa mahali pake. Madamu akawauliza nani kawafundisha. Umulisa akasema ni Mwalimu Drocella, walipokuwa darasa la tatu. Aliwaambia, "Mgeni tunamsindikiza hadi njiani. Na mtu akiwa peke yake, mpeni S imsindikize."

Nikageuka kufuta ubao. Ulikuwa safi.

Madamu akaamua watoto wanaosema hivi wasibadilishiwe mwalimu. Musoni abaki na mapazia yake. Mimi akaniambia kwa upole kwamba kesho ni umuganda, na kwamba mgongo hupona kwa jembe. Nikaahidi, nikiwa na moyo mweupe kabisa.

Jumamosi, 28 Oktoba
Nilitoka na jembe mapema. Kwenye njia panda mgongo ukaanza kuuma, pole pole, kwa uaminifu.

Nyuma ya nyumba kwa Muvunyi hapafai tena, watoto wamepajua. Lakini jikoni kwake hakuna dirisha. Mzee mwenyewe umri umemsamehe jembe, basi tumekaa. Mrija upo.

Sasa hivi Umulisa yuko nje. Anawatangazia wenzake kwa Kiingereza kwamba mwalimu yumo jikoni, anakunywa, anaandika, anajificha. Hakukosea hata mara moja.

Mtoto yule namfundisha vizuri sana.