Kopo la Kutuliza Kiu ya Lori

Kornelio alikuwa hajala tangu jana alipoliona lori la kijiji cha Lukozi likitema moshi mweusi sokoni Lushoto. Njaa ikamtoka, akatabasamu. Mwaka ule petroli ilikuwa ya kibali, na lori lile lilikunywa debe nne kwenda Mombo na kurudi. Mgawo wa mwezi uliisha mapema, na kabichi zikaozea shambani.

Ugonjwa wa lori aliujua kwa sikio. Bwana huyu alikuwa fundi halisi, aliyefukuzwa gereji ya shamba la mkonge kwa kuuza vipuri visivyo vyake. Lakini fundi hulipwa ahsante. Mwenye dawa hulipwa magunia. Akaokota kopo, akalijaza kokoto, akaliziba, akalipaka rangi nyekundu na kulichomekea nyaya mbili. Jioni alikuwa Lukozi, mbele ya Bi Jenoveva, mwalimu wa kwaya na mwenyekiti wa kamati ya lori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kopo la nini?"

"Linatuliza kiu ya lori. Magunia mawili ya maharage, na utalipa ukishaona."

"Lina miiko?"

"Dawa gani isiyo na miiko, mama?"

Bi Jenoveva akafungua daftari la kwaya. Kornelio akatamka kwa sauti ya kanisani: injini isiachwe ikinguruma dereva akinywa chai, lori lisibebe mawe wala magogo yasiyo ya safari, gia nzito isitumike tambarare. Salimu, dereva, akainamisha kichwa. Miiko yote mitatu alikuwa akiivunja kila siku.

Dawa haitaki macho, kwa hiyo Kornelio alijifunika turubai na lori siku mbili. Alikung'uta chujio la hewa, akalegeza breki za nyuma zilizokuwa zikishika muda wote, akajaza matairi upepo. Plagi mpya alizinunua kwa kuuza koti lake, na Julai ya Lukozi si mwezi wa kuuza koti. Alitetemeka kwa furaha, akiwaza vijiji vyote vya Usambara vyenye malori.

Lori likaenda Mombo, likarudi. Salimu akatumbukiza kijiti chake cha kupimia kwenye tangi: lilikunywa debe tatu tu. Watu wakashangilia. Bi Jenoveva akaomba wiki moja kabla ya kulipa.

Wiki ilipoisha kamati iliitisha mkutano, na kopo lilikuwa mezani.

"Safari ya pili," alisema Bi Jenoveva, "nilimwambia Salimu ashike miiko, kopo likae chini ya kitanda changu. Debe tatu vilevile."

"Nguvu yake hubaki kwenye injini, mama."

"Basi imeshabaki. Chukua kopo lako."

"Na kazi yangu? Nimelala chini ya lori siku mbili."

"Kazi gani? Ulisema ni kopo."

Kornelio akatazama mlangoni. Mgambo alikuwa amesimama pale. Hasira ikaushinda werevu wake. Akamwaga yote, chujio, breki, matairi, plagi, na jinsi kila kimoja kinavyokula petroli. Bi Jenoveva aliandika bila kukosa neno.

"Tumekuelewa, fundi. Wenzetu wa kijiji cha Bungu nao wana trekta linalokunywa kupita kiasi. Nimewaandikia kwamba unakuja kujitolea."

Kijiji kizima kikapiga makofi. Mgambo akamfungulia mlango wa lori, kwa heshima zote.