Kano ya Kisigino na Beseni la Kufulia

Jumatatu, 3 Machi
Nakiri: sijafanya mazoezi ya mguu hata siku moja. Wiki ya sita tangu kano ya kisigino ikatike, ile kamba nene ya nyuma. Cherehani yangu ya kukanyaga imelala tu. Mke wangu yuko kwa dada yake, kachoka na maarifa yangu ya kujibunia. Atakuja Ijumaa. Akikuta nafuata maagizo ya kliniki, anarudi. Akikuta maarifa mengine, basi tena.
Nyumba kimya. Nimejisalimia mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Kliniki. Mtaalamu wa viungo kasema watafiti wanachunguza kano inavyojijenga kwa kitoto tumboni. Ya kitoto ikiumia hupona bila kovu. Zetu huunga ovyoovyo. Kasema bado wanatafuta siri yake. Akaendelea kueleza. Sikusikiliza. Nilishaipata!

Jumatano, 5 Machi
Kitoto kinakaaje? Majini, gizani, kimejikunja, kimetulia. Nimejaza beseni kubwa la kufulia maji ya vuguvugu, nikaingia, nikajifunika blanketi. Magoti kidevuni. Masaa mawili. Kutoka sasa! Makalio yamenasa. Nimeita. Nani aje? Nimejipindua na beseni lake, chumba kikawa bwawa. Nimepiga deki kwa magoti.

Alhamisi, 6 Machi
Tena. Mteja kagonga mlango. Kitoto hakifungui mlango. Kitambaa kakipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule Mkasi, adui yangu. Nimemsikia Mkasi akicheka mpaka humu ndani.
Kusema kweli, chini ya blanketi si pabaya. Humo hutegemei mtu akuitikie.

Ijumaa, 7 Machi
Mke kaja mapema. Kafunua blanketi. Kanitazama weee. Nikamweleza sayansi yote, nikiwa majini.
"Baba watoto, nani kakwambia kitoto kinatulia? Watatu nimebeba, ni mateke asubuhi mpaka jioni! Utajuaje, hukuwahi hata kuweka mkono."
Kweli. Aliniita niguse, mara ngapi sijui. Nikasema nakuja, namalizia pindo.
Kaondoka bila kukaa.

Jumamosi, 8 Machi
Mateke! Kumbe! Nilipanga kupiga ukuta mateke hamsini. La nne, kano ikalia ta! Nimelazwa, plasta mpya mpaka gotini. Miezi mitatu mingine.
Nimempigia mke. Kauliza kama nimekula. Kisha kasema anabaki kwa dada yake.
Nimelia kidogo, wodini, uso ukutani. Muuguzi, kunifariji, kasema hata mjusi akikatika mkia huota mwingine.
Nimemuuliza: mjusi hulalia upande gani? Mke wangu atashangaa!