Hotuba ya Kuzindua Springi za Nyuma za Gari la Mke Wangu

Mheshimiwa sana baba mkwe, fundi mkuu wa gereji hii ambayo leo imefagiliwa kwa ajili yetu, mheshimiwa zaidi mama mkwe, waheshimiwa shangazi wote watatu, kwa mpangilio wa vyeo vyao, shemeji uliyesimama mlangoni kama mtu mwenye safari, majirani, na mheshimiwa kuliko waheshimiwa wote, mke wangu wa siku arobaini na moja, ambaye nikimwona na ovaroli yake ile ya buluu nasahau ukurasa niliofikia. (Vigelegele. Mke: "Soma, mume wangu. Kujiandikisha kwa mbio kunafungwa saa kumi.")

Nasoma, mpenzi. Kama mnavyofahamu, siku ya harusi yetu nilitamka hadharani kwamba Jumamosi hii mke wangu ataendesha gari lake mwenyewe katika mbio za mita mia nne, zile za kunyooka bila kona, ambazo amezitamani tangu alipokuwa binti wa kumshikia baba yake spana. Tangu tamko hilo, mimi, kama Mwenyekiti, Katibu na Msemaji wa Kamati ya Kitaalamu ya Ugumu wa Springi za Nyuma, nimeendesha vikao kumi na sita, woksho mbili na asesimenti moja shirikishi. (Makofi ya shangazi mmoja.)

Matokeo ni ya kihistoria. Tumebaini kwamba springi, yaani yale mabamba ya chuma yanayobeba ekseli ya nyuma, zikiwa ngumu mno, gari halikai chini linapoondoka, tairi haziumi lami, zinazunguka palepale na kufuka moshi. Zikiwa laini mno, injini ikivuta zinajikunja kama nyoka na tairi zinarukaruka. Kwa hiyo tulipima kisayansi: shangazi mkubwa alikaa juu ya springi, ikashuka sentimita mbili, akaongezwa shangazi wa kati, ikashuka nne, mama mkwe hatukumgusa, kwa sababu za kiitifaki. (Kicheko. Mama mkwe: "Ungethubutu!")

Asilimia tisini na nne ya wajumbe waliunga mkono ugumu wa wastani, yaani springi iwe kama mke wangu: imara anapokataa, laini anapocheka, na ndugu zangu, anapocheka... (Mke: "Ukurasa!" Baba mkwe: "Mwanangu, ugumu wa springi unafuata uzito. Gari lina uzito gani?")

Swali zuri sana, baba, na nakushukuru kwa kuliuliza kwa upendo. Suala la uzito lipo katika hatua za juu za utekelezaji. (Shemeji: "Rangi yake je?") Rangi vilevile, shemeji. (Shemeji: "Milango?") Naomba tusiingize siasa katika maendeleo.

Nihitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema "Springi ya wastani!" mseme "Ndoa ya kudumu!" (Wanasema, shangazi kwa sauti kuliko wote.) Nikisema "Ekseli imara!" mseme "Mke hoyee!" (Hoyee!)

Nawashukuru wote: shangazi kwa uzito wao, mama mkwe kwa uvumilivu wake, na kwa namna ya pekee namshukuru mmiliki wa gari tutakalolinunua, popote alipo, kwani hadi sasa hatujamjua, hatujalitafuta gari lenyewe, na kwa kuwa kamati ilikuwa na vikao, haikupata nafasi ya kwenda kulitazama. (Shangazi mkubwa: "Kwa hiyo mimi nilikalia nini?")

Mke wangu, usinitazame hivyo. Nilitaka kila kitu kiwe sawasawa kwa ajili yako, nikaanza na kile nilichoweza kukielewa. (Mke anacheka, anamnyooshea baba yake mkono, baba mkwe anaweka funguo kiganjani mwake.) Naona dereva anaingia. Naambiwa jukwaa hili nililosimama juu yake ni mgongo wa pikapu ya baba mkwe, na kwamba springi zake hazijawahi kujadiliwa na kikao chochote. (Injini inawaka.) Waheshimiwa, mkutano umefungwa! Mpenzi, polepole, nishuke kwanza... (Pikapu inatoka getini.) Basi sishuki! Endesha, mke wangu, endesha, ni saa tisa na nusu!