Shemeji Anaivuruga Programu Yangu ya Vibandiko

Kwa Mkuu wa Maabara,

Mheshimiwa, natumai u mzima. Mimi nina homa ya hasira. Ni mimi niliyeandika, miaka ishirini na miwili iliyopita, programu inayochapa vibandiko, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, yaani vibandiko vya chupa za damu. Sasa umemleta mke wa mdogo wangu aiandike upya, ati ikubali kwenye kompyuta za matawi yote. Shemeji namheshimu mezani. Kazini amenichosha, na naomba aondolewe kwa sababu hizi:

1. Ameifuta gets. Hii ni amri ya zamani inayopokea jina lote la mgonjwa bila kujali urefu wake. Yeye kaweka fgets, ambayo lazima iambiwe kwanza mwisho ni herufi ngapi. Eti gets imeshaondolewa kwenye C. Imeondolewa na nani? Mimi sikuitwa kwenye kikao! Ni kweli kompyuta ilinionya kwamba ni hatari, lakini onyo hilo nililizima mwaka wa kwanza, na tumeishi vizuri tu.

2. Amri yangu ya kunakili, bcopy, hutaja kwanza inakotoa kitu, kisha inakokipeleka, kama mtu mwenye akili timamu. Yeye kaleta memmove, inayoanza na inakopeleka. Nilipojaribu kumsaidia nilibadilisha jina la amri tu, mpangilio nikauacha, na nafasi tupu ikanakiliwa juu ya orodha ya wagonjwa wa Jumatatu, ikafutika yote. Kosa la nani hilo, kama si lake?

3. Kabla ya kutumia amri, shemeji huiuliza kompyuta kama inayo. Ikikosa, anaipa ya akiba aliyoiandika mwenyewe. Loo! Mimi sijawahi kuiomba kompyuta ruhusa.

4. Jina nililitengea herufi ishirini na nne. Zinamtosha mtu mwenye adabu. Wenye majina marefu wayapunguze getini (mlinzi nimeshampa rula), na matawi yenye kompyuta mpya yazirudishe zilikotoka.

Msalimie dada wa mapokezi, fundi wa darubini na wafagiaji wote. Shemeji usimsalimie, tutaonana Jumapili kwa mama.

Ndimi, kwa uchungu,
Mtunzi wa Kwanza wa Vibandiko na Mwenyekiti Mstaafu wa Kamati ya Kompyuta

Baada ya sahihi: Leo asubuhi nilikwenda kupima damu, nikajiandikisha mwenyewe kwa programu yangu, jina na vyeo vyote. Vikafurika hadi kwenye namba za chupa, zikachanganyika. Majibu yametoka: mimi nina mimba, na mama mjamzito aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, tezi dume yake haina tatizo. Yeye analia pale mapokezi, hajui mtoto wake ana hali gani. Mke wangu ndiye aliyefungua bahasha yangu, na sasa ananiuliza baba ni nani. Tafadhali, mwambie shemeji aje upesi na hiyo fgets yake. Simu zangu hapokei.